Haukumridhisha Nani?

Bwana Ipasavyo, mwana wa karani wa mizani, mjukuu wa mchimba visima. Babu yake alichimba visima kumi na vinne kwa sururu na kamba, na viwili kati ya hivyo vinatoa maji mpaka leo. Baba yake alisimama kwenye mizani ya mazao miaka ishirini na sita, na hakuna mkulima aliyewahi kusema aliona kidole chake kimegusa sahani. Yeye mwenyewe alikuwa mkaguzi wa maghala ya nafaka kwa miaka thelathini na moja. Alikagua maghala kumi na moja, akaandika taarifa zaidi ya mia tatu, na moja kati ya hizo ilimuua mume wangu.

Hilo la mwisho ni neno lake, si langu. Alilisema mara nyingi, wakati mwingine akipuliza chai ipoe, wakati mwingine akifunga kamba za viatu. Mimi sikuwahi kumtamkia, hata siku ambazo hasira ilinijaa mpaka kooni. Naliandika hapa mwanzoni kwa sababu yeye ndiye aliyenizoesha kwamba jambo zito liwekwe juu, msomaji asilazimike kulichimbua.

Jina la Ipasavyo tulimpachika sisi watu wa uani. Taarifa zake zilibandikwa ubaoni nje ya mlango wa meneja, na miaka ile ya mwanzo kila kitu kwake kilikuwa ipasavyo. Magunia yapangwe ipasavyo. Milango ifungwe ipasavyo. Vyoo visafishwe ipasavyo. Wachukuzi walipopita pale walikuwa wakiagana, "Jamani, nakwenda kujisaidia ipasavyo." Naye alijua anavyoitwa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye goti bovu, shati jeupe siku zote, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kufutia.

Mimi nilikuwa mshona magunia. Tulikuwa wanawake wanne chini ya banda la mabati, kati ya ghala namba mbili na ghala namba tatu, kila mmoja na shazia yake, ile sindano nene ya kushonea magunia, na bonge lake la uzi wa katani. Sikuzawadiwa kazi ile. Niliingia kwa kushindana na wanawake tisa, na gunia nililolishona mimi halikuwahi kurudi. Mume wangu alikuwa mchukuzi wa ghala namba tatu. Wenzake walimwita Ngazi, kwa sababu alikuwa akipanda mlima wa magunia kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Mkaguzi hakuweza kupanda kwa lile goti, basi kila alipokuja, mume wangu ndiye aliyekwea juu na kumhesabia kwa sauti, yeye akiwa chini anaandika.

Siku moja hesabu ilikuwa imekwisha, mume wangu yuko juu kabisa, akaita, "Mkaguzi! Hesabu nimekupa. Sasa ngoja nikupe na zawadi."

"Zawadi gani?"

"Huu mlima umechoka kusimama."

Akashuka, akaja mbio bandani kwetu. "Mama watoto, niazime sindano."

"Unashona nini na mikono hiyo?"

"Naushona mdomo wa Mkaguzi, asiseme sikumwambia."

Tulikuwa na sindano moja moja, na ukipoteza unakatwa kwenye ujira, kwa hiyo nilimfuata. Ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Alipanda tena, akabana uzi ukingoni mwa gunia la juu, akaiacha shazia yangu ining'inie mpaka karibu na sakafu. Ikatulia. Mlima ulikuwa umeinama kuelekea kwenye njia ya kupitia, na sindano ilikaa hewani, mbali na gunia la chini. Mkaguzi akaweka mkono wake mwenyewe. Kiwiko kiligusa gunia, na ncha za vidole ziligusa sindano. Dhiraa nzima. Na tabaka zilikuwa ishirini na nne, wakati kanuni yao ilisema kumi na nane.

"Umeona?" mume wangu akauliza kutoka juu.

"Nimeona."

"Basi andika."

"Naandika."

"Andika isomeke, bwana. Si ipasavyo."

Wachukuzi waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, na Mkaguzi naye akacheka, akaandika palepale akiwa amesimama. Nilirudishiwa sindano yangu nikarudi bandani.

Baada ya wiki mbili taarifa ikabandikwa. Ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Nilimaliza darasa la saba, na kusoma kwangu nasoma vizuri, basi mume wangu akanivuta tukaitafute habari ya mlima wake. Tuliikuta ukurasa wa nane, hoja namba tisa, kati ya kufuli lililopotea na choo kisicho na bawaba: *Mpangilio wa magunia katika ghala namba tatu haukuridhisha. Inashauriwa hatua stahiki zichukuliwe.* Na mbele yake, kwenye nafasi ya majibu ya meneja: *Hoja imezingatiwa. Usafi umefanyika.*

Na kweli usafi ulifanyika. Watu wawili walifagia ghala namba tatu nusu siku, vumbi likatufikia mpaka bandani.

"Ndiyo hiyo?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo hiyo. Sindano haimo. Wewe pia humo."

Alisimama pale kidogo, akajikuna shingo. "Lakini ameandika, si ameandika? Wakubwa wanaelewana kwa lugha yao. Mimi na wewe hatuijui." Akarudi kazini.

Siku kumi na tisa baadaye, saa tatu asubuhi, msimamizi wa zamu alimwagiza apande akateremshe magunia arobaini ya kupakia lori. Nilisikia kishindo nikadhani ni lori limeangusha ubavu wake. Nilimalizia hata mshono niliokuwa nao mkononi. Mishono mitatu. Kuhusu yaliyofuata siandiki.

Waliunda kamati ya uchunguzi, watu watatu, wakakaa siku nne. Wakaamua kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa mchukuzi aliyepanda magunia bila kuchukua tahadhari. Idara ya ukaguzi ikapewa sifa kwamba ilitimiza wajibu wake kwa kutoa hoja mapema. Mwezi huohuo akaja fundi wa rangi, akaandika kwa rangi nyekundu ukutani mwa ghala namba tatu, herufi ndefu kama mtoto wa miaka mitano: WACHUKUZI KUWENI WAANGALIFU. Ukuta ule ndio uliotazamana na banda letu. Nilishona magunia nikiutazama kwa miaka kumi na tisa. Mwanangu wa kwanza alipojua kusoma, alisoma pale siku aliyoniletea chakula, akaniuliza, "Mama, kwani baba hakuwa mwangalifu?"

Mkaguzi alikuja nyumbani kwangu miezi mitatu baada ya mazishi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, goti lake bovu amelinyoosha, akatoa nakala ya ile taarifa. Hakutoa pole. Alisema, "Shemeji, nimekuja kukusomea nilichoandika." Alikuwa akiniita shemeji tangu zamani, kwa kuwa mume wangu alikuwa akimwita ndugu. Akasoma hoja namba tisa, polepole, kana kwamba ni ndefu.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua macho. Nikamuuliza, "Haukumridhisha nani?"

Akaikunja ile nakala.

"Nakuuliza, Mkaguzi. Huo mpangilio. Ni nani ambaye haukumridhisha? Wewe? Meneja? Mume wangu alikwambia utaanguka. Hakusema haujamridhisha."

Akafungua daftari lake la kazi, lile alilokuwa ameshika siku ya sindano, akanipa. Ilikuwepo. *Ngazi, mchukuzi, ameonyesha kwa uzi na sindano kuwa mlima wa kaskazini unaegemea njia kwa dhiraa moja. Tabaka 24. Unaweza kuua.* Na juu ya maneno hayo yote kulikuwa na mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka taarifa ipendeze," akasema. "Nilikuwa naombea cheo. Niliona habari ya sindano na mchukuzi itaifanya ionekane ya kihuni."

Akaondoka akasahau kofia yake. Sikumwita. Ile kofia niliiweka juu ya kabati nikaikasirikia wiki tano.

Baadaye akaja bandani, mbele ya wanawake wenzangu, na taarifa nyingine ya ghala la mbali. Hakuuliza kofia. Ofisi yao ilikuwa mtaa wa pili, juu ya duka la vioo. Akakunja magunia mawili akakalia, akasema, "Shemeji, kabla sijatia sahihi, naomba usikie." Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Nilishona tu. Akasoma, "Ilibainika kuwa baadhi ya maturubai hayakuwa katika hali nzuri."

Sindano yangu ikasimama.

"Baadhi ndiyo ngapi?"

"Saba."

"Sasa si useme saba? Saba ni neno gumu?"

Jirani yangu, mama mmoja mnene tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akadakia, "Na hiyo hali, yana homa au yana nini?"

"Yana matundu," Mkaguzi akasema.

"Matundu ya kupita sindano au ya kupita paka?"

"Ya kupita ngumi."

"Mbona unayajua vizuri hivyo halafu unatuficha?"

Banda zima likacheka. Yeye akatoa kalamu akaandika upya akiwa amekaa palepale: *Maturubai saba yana matundu makubwa kama ngumi. Mvua ya kwanza italowesha magunia mia nne. Mtunza ghala ayabadilishe kabla ya tarehe kumi.* Akasoma tena. Sindano yangu haikusimama. Akafunga jalada akaenda zake.

Ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea hivyo miaka kumi na saba. Watu walisema mengi. Redio alikuwa akimwona tu anachechemea kutoka getini anatangaza, "Kaeni vizuri, mahubiri yanakuja!" Wako waliosema anataka kunioa. Mkewe aliwahi kuja kututazama, akakaa saa nzima, akasikiliza taarifa ya mizani zenye kutu kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasinzia, akaondoka na hakurudi tena. Mimi nilijua anachokuja kutafuta. Alikuwa anakuja kuulizwa. Mtu aliyeulizwa swali moja baada ya maziko, basi anataka aulizwe kila mara kabla ya maziko.

Makao makuu hawakumpenda kwa hilo. Mkubwa wake alimwita akamwekea taarifa mezani, akamwambia hii si lugha ya ukaguzi, ni lugha ya sokoni. Akamwonyesha mahali alipoandika: *Mlango wa ghala namba sita umekatika gurudumu. Unaning'inia kwa bawaba moja. Watoto wa wafanyakazi hucheza chini yake saa za mchana. Ushushwe leo.* Mkubwa akataka aandike kwamba mlango unahitaji matengenezo. Mkaguzi akakataa. Mlango ulishushwa kesho yake, kwa sababu meneja wa kule alisoma akatoka mbio na fundi. Hakuna aliyeandika popote kwamba siku hiyo hakufa mtoto. Lakini cheo kilipokuja kilimpita, kikaenda kwa kijana aliyefundishwa naye kushika rula. Kikaja tena, kikampita tena. Alistaafu akiwa na meza ileile ya kwanza, karibu na dirisha lisilofungika.

Jambo moja hakunisomea. Nilikuja kulijua mwaka jana tu.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono wa kuandikia ukafa. Mkewe akanitumia mtu, nikaenda. Chumba chao kina kitanda, kiti kimoja, na meza yenye dawa zilizopangwa kwa urefu, na yeye akiwa amelala anatazama dari. Maneno yalitoka lakini yalichelewa. Akamwelekeza mkewe chini ya kitanda, naye akavuta sanduku la bati, na ndani yake kulikuwa na nakala za barua sita alizowaandikia makao makuu kwa miaka yote hiyo, akiomba taarifa ya uchunguzi wa kifo cha mume wangu ifunguliwe, neno la uzembe lifutwe. Na majibu sita. Majibu yote yalikuwa yanafanana: *Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa ipasavyo.*

Nikamtazama. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka. "Wamenilipa," akasema, "kwa neno langu mwenyewe."

Nikasoma barua zake. Sikupenda nilichokiona. Mtu yule aliyeandika matundu kama ngumi, alipofika hapa alirudi kuwa Bwana Ipasavyo. *Kuna maelezo ambayo, kwa sababu zisizozuilika, hayakujumuishwa katika taarifa ya awali.* Barua zote sita, hivyo hivyo.

"Mkaguzi," nikamwambia, "zisizozuilika na nani?"

Akafumba macho.

"Ulikuja kwangu na maturubai, ukaja na milango, ukaja na mizani. Hizi mbona hukunisomea?"

"Niliona aibu, shemeji. Ningekusomea, ungeuliza."

Mkewe akatoka nje. Mimi nilikaa. Nilikuwa na hasira kama ya siku ya kwanza, na huruma pia, na viwili hivyo ukiwa navyo pamoja hujui uweke wapi mikono. Nikamwambia, "Toa karatasi. Utasema, nitaandika mimi. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba lakini hauna mawimbi."

Mkewe akarudi na karatasi yenye mistari. Mkaguzi akavuta pumzi, akaanza, "Ilibainika kwamba..."

Kalamu yangu ikasimama.

Alisubiri. Nami nikasubiri. Nje kulikuwa na mtu anapiga nyundo bati, akapumzika, akaanza tena.

"Nani alibaini?" nikauliza.

Machozi yakamshuka kwenye jicho moja tu, lile la upande ulio hai. "Ngazi," akasema. "Ngazi ndiye aliyebaini."

"Sema basi."

"Andika jina lake kamili. Majina yote matatu."

Nikaandika majina matatu ya mume wangu, kama yalivyo kwenye cheti chetu cha ndoa. Tulichukua asubuhi yote. Kila alipochoka alilala kidogo, akiamka ananiomba nimsomee tulipofika. Ilipokwisha ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema kwamba mume wangu alimwonyesha mkaguzi mlima umeegemea njia kwa dhiraa moja, akapima kwa sindano. Kwamba mkaguzi aliliandika hilo kwenye daftari lake, akalikata mwenyewe kwa sababu alitaka cheo. Kwamba meneja alisoma *haukuridhisha* akadhani ni habari ya ufagio. Kwamba aliyepanda alikuwa ametumwa, na kati ya watu wote wa ghala lile ni yeye peke yake aliyekuwa mwangalifu. Kwamba ukutani mwa ghala namba tatu paandikwe: *Tabaka zisizidi kumi na nane. Msimamizi wa zamu ndiye wa kuhesabu.*

Nikamsomea kuanzia juu. Nilijisikiliza ninavyosoma, nikingoja mahali ambapo ningesimama. Sikusimama.

Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Ilionekana kama uzi uliodondoka. Kisha akaniambia nilitoe sandukuni lile daftari la zamani, nifungue ule ukurasa wenye mstari wa rula, niuchane. Nilikataa kuchana daftari la mtu mgonjwa. Akauchana mwenyewe kwa mkono uleule wa kushoto, vibaya, kona ikabaki, akauweka juu ya karatasi yetu, akazisukuma zote mbili kifuani kwangu.

"Peleka makao makuu, shemeji. Kwa mkurugenzi."

"Hizo sita nyingine si zilikwenda hukohuko?"

"Zilikwenda kwa posta. Hii iende na wewe." Akatafuta pumzi. "Usimpe karani wa mapokezi. Atagonga muhuri, ataitia kwenye jalada, ndiyo basi. Ingia. Wakikwambia subiri, subiri. Ukiingia usiketi. Msomee kwa sauti yako hiyohiyo ya bandani, mpaka mwisho. Halafu mtazame. Akikuuliza swali, mjibu."

"Asipouliza?"

"Asipouliza, hajaelewa," akasema Mkaguzi. "Anza tena juu."